Kisu au dawa: njia panda ya daktari kijana katika nchi jirani

Daktari kijana anapomaliza mwaka wake wa utarajali katika hospitali ya Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, huwa amekwisha kupita katika wodi kuu zote: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Hapo ndipo swali lililokuwa likimngoja tangu alipoingia chuoni linapomfikia bila kuahirishwa tena. Je, ajiendeleze kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, anayetibu kwa dawa na ushauri, au ashike kisu awe daktari wa upasuaji? Swali hilo linawahusu pia vijana wa hapa kwetu Burundi wanaofikiria kuvuka mpaka kutafuta ubingwa, na linawahusu wazazi wao, ambao aghalabu ndio walipaji wa ada.

Watu wengi hudhani tofauti iko mikononi: huyu ana mkono mwepesi, yule ana kichwa chepesi. Dhana hiyo haina uzito mkubwa. Kazi ya mikono hufundishika, na daktari wa upasuaji asiyejua kufikiri ni hatari kuliko mwenye vidole vizito, maana uamuzi mgumu kuliko yote katika chumba cha operesheni ni ule wa kutompasua mgonjwa. Tofauti halisi imo katika wakati. Mwenye kupasua hukutana na mgonjwa katika saa ya dharura au siku iliyopangwa, hufanya jambo moja kubwa, na mara nyingi huona matokeo baada ya siku chache. Tabibu wa magonjwa ya ndani huandamana na mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au UKIMWI miaka kumi, ishirini, bila siku ya kusema kazi imekwisha. Wapo wanaochoshwa na hali ya kwanza, na wapo wasioistahimili ya pili. Kijana anayetaka kujijua ajiulize ni wodi ipi iliyomfanya asahau saa ya kwenda nyumbani. Jibu hilo lina thamani kuliko ushauri wa wajomba.

Historia ya hospitali ya Mulago, Kampala, inaonyesha jinsi mpaka kati ya fani hizi mbili ulivyo mwembamba. Mwaka 1957 Hugh Trowell, tabibu aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya utapiamlo wa watoto, alimwita mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, amtazame mtoto mwenye uvimbe katika taya zake, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho, na kisu hakikuwa na la kufanya. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye taya za namna ile ile, na alipompima akakuta uvimbe tumboni pia. Akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo inabeba jina lake.

Mwaka 1961 alifunga safari ya gari na madaktari wenzake wawili kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, umbali wa takriban kilomita 16,000, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewaona watoto wa aina hiyo. Ikabainika kwamba ugonjwa huo ulifuata joto na mvua, karibu sawasawa na malaria. Mwaka 1964 watafiti wa London waliochunguza vipande vya uvimbe kutoka Uganda walitangaza kirusi walichokigundua ndani yake, kirusi cha Epstein-Barr. Na kwa kuwa Kampala haikuwa na mashine za mionzi, Burkitt alijaribu dawa. Baadhi ya watoto wakapona kabisa. Kwa maneno mengine, daktari wa upasuaji, tena mwenye jicho moja tu tangu utotoni, alisaidia kuonyesha kwamba saratani inaweza kutibiwa bila kupasua. Kijana anayeogopa kwamba kuchagua fani moja ni kuifungia nyingine mlango angefaa kukisoma kisa hicho kwanza.

Mfano wa leo ni moyo. Katika nchi zetu bado wako watoto wanaougua koo kwa bakteria, wasitibiwe, kisha wakapata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Mwanzoni mgonjwa huyo ni wa tabibu: sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili vali zisizidi kuharibika. Zikiharibika sana, ni zamu ya mpasuaji kuzitengeneza au kuweka za bandia, kazi inayofanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako wataalamu wa fani zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Lakini aliyewekewa vali ya chuma hurudi tena kwa tabibu, maana atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Akiwa msichana, siku moja atataka kuzaa, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Operesheni nzuri iliyofanywa Dar es Salaam inaweza kupotea bure kijijini kwa kukosekana mtu wa kupima damu. Kwa hiyo anayesema upasuaji ndio tiba ya kweli na dawa ni kutuliza tu hajawahi kumfuatilia mgonjwa hadi nyumbani kwake.

Hata hivyo, uhaba wa wapasuaji si wa kupuuzwa. Tume ya kimataifa iliyochapisha ripoti yake katika jarida la Lancet mwaka 2015 ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu, ikapendekeza kila watu 100,000 wawe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi ifikapo mwaka 2030. Nchi za ukanda huu ziko mbali na kiwango hicho. Mama mwenye uchungu uliokwama na kijana aliyevunjika paja katika ajali ya pikipiki hawawezi kungoja.

Lakini mpasuaji hafanyi kazi peke yake. Anahitaji umeme usiokatika, hewa ya oksijeni, damu ya akiba, vifaa vilivyotakaswa, wauguzi waliozoea, na zaidi ya yote mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi na kumwamsha salama. Akipelekwa mahali pasipo na hayo, ubingwa wake hukaa kama panga lililofungiwa sandukuni. Tabibu naye huhitaji maabara na dawa, ila anaweza kuanza na masikio, macho na maswali mazuri. Kijana anayenuia kurudi mkoani kwao hana budi kuitazama hospitali atakayoitumikia kabla ya kuitazama fani. Na kama anapenda chumba cha operesheni bila kupenda kisu, taaluma ya usingizi na ganzi ina upungufu mkubwa zaidi, ingawa ni nadra kuitajwa nyumbani mtoto anapoulizwa atakuwa nani.

Njia za kuufikia ubingwa ni mbili. Ya kwanza ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu, kama vile Muhimbili, Makerere au Nairobi, ambayo huchukua miaka mitatu au zaidi kutegemea fani. Mwanafunzi hulipa ada, na asiye na mfadhili wala mwajiri anayemlipa hukaa miaka hiyo akifanya kazi za usiku bila mshahara. Ya pili, kwa upasuaji, ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoasisiwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Chuo hiki hakina madarasa yake: daktari hubaki katika hospitali iliyoidhinishwa, akihudumia wagonjwa chini ya wakufunzi, na kwa kawaida akiendelea kupokea ujira. Hatua ya kwanza ni miaka miwili. Kwa upasuaji wa jumla huongezwa mitatu. Burundi ni mwanachama. Madaktari wa magonjwa ya ndani nao wameunda chuo cha mfano huo katika miaka ya karibuni.

Kwa daktari aliyesomea Bujumbura kwa Kifaransa, kikwazo cha kwanza ni lugha, kwa kuwa mitihani hii hufanywa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa wa Dar es Salaam atamweleza maumivu yake kwa Kiswahili. Hapo msemaji wa Kiswahili wa Buyenzi ana faida ambayo wenzake watalazimika kuitafuta. Kwa wanawake, miaka ya mafunzo ya upasuaji huangukia kwenye umri wa kuolewa na kuzaa, na zamu za usiku hazimngoji mjamzito. Wanawake bado ni wachache katika fani hiyo, na wakuu wa idara wangefaa kuulizwa waziwazi wamejipangaje. La mwisho ni karatasi: kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, mwombaji aandikie mamlaka ya madaktari ya nchi yake aulize kama shahada hiyo itatambuliwa atakaporudi, naye apate jibu kwa maandishi.