Nyika ya Matope

Watangazaji wa redio za Afrika Mashariki huuita mchezo huu mbio za nyika. Ukifungua kamusi, nyika ni pori kavu lenye nyasi na miti michache. Mimi nimekimbia mbio za nyika hapa London msimu mzima, kuanzia Oktoba hadi Februari, na ardhi kavu sijaikanyaga hata siku moja. Nimekanyaga matope, sakitu, na madimbwi yaliyogandia barafu juu. Siku moja mbwa wa watu alikimbia nasi nusu ya mzunguko na akanipita. Nyika ndiyo sijaiona.

Klabu yenyewe si ya chuo. Ya chuo ina majaribio ya kuingia; hii ya mtaani kwetu humpokea yeyote anayelipa ada. Hukutana Jumanne saa moja usiku nyuma ya kituo cha michezo, na waliomo ni watu wa kila namna: fundi bomba, mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa miaka 71 ambaye hupasha misuli akiwa amevaa kaptura hata Januari, na nahodha wetu wa wanawake, muuguzi anayekuja mazoezini akitoka zamu. Nilijiunga Septemba kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa maktaba. Hapakuwa na sababu kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kwanza niliulizwa ninatoka wapi. Nikasema nimezaliwa hapa, ila wazazi wangu ni wa Mombasa, Kenya. Walisikia neno la mwisho tu. Bwana mmoja akawageukia wenzake akasema, "Hatimaye tumempata wetu!" Nilicheka kwa adabu. Wiki tatu baadaye nilikimbia mashindano yangu ya kwanza, nikawa mtu wa 138 kati ya 140. Hakuna aliyenicheka, na kwa kweli hilo ndilo lililoniuma. Laiti wangecheka, ningejua la kusema.

Ninyi mnaosoma gazeti hili mnalijua jambo hili, lakini klabuni ilinibidi nilieleze mara nyingi. Wakenya wanaotamba katika mbio ndefu wengi wao wametoka nyanda za juu za Bonde la Ufa. Mji wa Iten uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huko mtu hutoka nje na koti. Mombasa iko baharini, na mchana wa Machi hata paka hutafuta kivuli. Mwaka 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa penyewe, kwenye uwanja wa gofu. Joto na unyevu viliwaangusha wakimbiaji wengi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu mara tano mfululizo, hakufika mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mjomba wangu alikuwepo, na mpaka leo akiisimulia siku ile hujipepea kwa mkono kana kwamba jua bado linampiga. Basi kama kuna mbio zilizo katika damu ya ukoo wetu, labda ni hizo: za kutafuta kivuli.

Bila shaka Wakenya wa nyanda za juu baridi hawaiogopi. John Ngugi alichukua taji lake la tano la dunia mwaka 1992 mjini Boston, Marekani, katika bustani ya Franklin Park, njia ikiwa na theluji. Nilimwonyesha mama habari hiyo nikidhani itamtuliza. Akasema, "Huyo Ngugi ana mamake. Wewe baridi ikikuingia kifuani, nitakayekesha ni mimi."

Baridi yenyewe si mbaya kama giza. Katikati ya Desemba jua la London huzama saa kumi kasoro dakika nane, na nasema saa kumi ya jioni, wakati ambao kwetu watoto ndiyo kwanza wanatoka kucheza. Mazoezi yote ya Jumanne ni ya usiku. Tunavaa taa za kichwani na kukimbia kwa mstari, kila mmoja akitazama visigino vya mwenzake. Nilimpigia bibi simu ya video kutoka mazoezini, nikamsalimu shikamoo, nikamgeuzia kamera aone. Akaona taa zinakuja gizani zikipanda na kushuka. Akauliza, "Na hao wanaokufukuza ni kina nani?"

Mengi ya msimu ule niliyajifunza kwa wenzangu, na karibu yote ni ya mikono na miguu. Namba ya kifuani ipigwe pini nyumbani, maana uwanjani vidole havifanyi kazi. Soksi nene mikononi zina joto kuliko glavu, kwa kuwa vidole vinakaa pamoja. Hilo alinifundisha mzee wa kaptura. Hewa ya baridi ni kavu na hukwaruza koo, na hapo ushungi wangu ulinifaa kuliko kofia zao: niliuvuta hadi mdomoni nikapumua humo. Kanuni inataka fulana ya klabu ionekane juu tu. Chini yake nilivaa mikono mirefu na suruali ya kubana yenye joto, na hakuna aliyeniuliza neno. Ukimaliza, badili nguo papo hapo kabla ya kuongea na mtu. Jasho linalokupoza vizuri unapokimbia hukugandisha ukisimama dakika tano.

Viatu ni vya misumari, urefu wa milimita 15 kwa matope mazito, na hukazwa kwa spana ndogo. Sikujua kwamba na kamba zake zina elimu yake. Nitafika huko.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu kisa hiki hakieleweki. Katika ligi yetu kila timu ya wanawake huhesabiwa watu wanne wa kwanza. Ukimaliza wa 22, unaleta pointi 22. Wanne wanajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bora. Mbio ni tano kwa msimu, zote zinajumlishwa, na timu mbili za chini hushuka daraja. Timu ikimaliza na watu watatu, nafasi tupu hutozwa pointi 200. Kwa mbio nne za kwanza mimi nilikuwa mtu wa tano au wa sita. Nilikimbia, nikapewa chai, nikarudi nyumbani. Pointi zangu hazikuingia popote. Ilikuwa raha, nikitazama nyuma.

Mbio ya tano ilikuwa Februari, Parliament Hill, kwenye mbuga ya Hampstead Heath. Kilima chenyewe kina mita 98 tu, lakini wapenzi wa mchezo huu hapa Uingereza hukitaja kama mahujaji, kwa sababu mashindano ya taifa yamefanyika hapo mara nyingi. Mstari wa kuanzia ni mpana mno, watu mamia bega kwa bega, na hatua ya kwanza tu ni kupanda. Matope yake yana sababu: sehemu za juu za mbuga ni mchanga, chini yake ni udongo wa mfinyanzi. Mvua hupenya mchanga, ikifika kwenye mfinyanzi hukwama na kutokea pembeni. Ndiyo maana pale pana mabwawa mengi, na ndiyo maana bondeni mguu unazama hadi kifundoni.

Asubuhi ile mmoja wetu aliamka na homa. Mwingine alikwama kwenye treni. Kwenye mstari nahodha alituhesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, akanifikia mimi. Akanisogelea akasema, "Leo wewe ndiye wa nne. Usiwaze mbio. Maliza tu."

Mzunguko wa kwanza wa kilomita tatu nilikwenda vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa na watu nyuma yangu, watu wengi, na nakiri nilianza kujiona. Mzunguko wa pili, bondeni, niliinua mguu wa kulia na kiatu hakikuinuka nao. Nilipiga hatua mbili na soksi kabla sijaamini. Nikarudi, nikapiga magoti, nikaingiza mkono hadi kiwikoni. Watu wananipita kushoto na kulia, matope yao yananirukia usoni. Nilikipata kimejaa kama bakuli la uji. Kamba zilikuwa zimefunguka na vidole vyangu havikuweza hata kuishika moja.

Niwe mkweli: nilitaka kuondoka. Njia ya kwenda kituo cha treni ilikuwa inaonekana pale nilipopiga magoti. Nilishaona namna ambavyo ningeeleza, na kila mtu angeelewa.

Mzee wa kaptura alikuwa amejitolea kusimamia njia kwenye kona ile, amevaa fulana ya kung'aa. Hakunipa moyo wala hakunihurumia. Alipaza sauti tu, "Watatu wako mbele! Wewe ndiye tunayekungoja!" Nikashika kiatu mkononi, nikakimbia kilomita moja iliyobaki na soksi. Nyasi zenye sakitu zinachoma kama makaa, kisha mguu unakufa ganzi na hapo ndipo nafuu inapoanza.

Nilimaliza wa 131 kati ya 133. Nahodha, aliyekuwa wa 22, alinifunika koti lake kabla sijasema kitu, akakichukua kiatu mkononi mwangu akakikung'uta mtini.

Usiku ule matokeo yalitoka. Timu ilikuwa imekamilika, na tulishuka daraja kwa pointi 9.

Mtu mwingine labda angelala. Mimi nilikaa kitandani nikihesabu. Pale bondeni, nikiwa nimepiga magoti, walinipita watu 11. Niliwahesabu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya ila kuhesabu. Bila kiatu kile ningekuwa wa 120. Tungebaki.

Jumanne sikutaka kwenda, nikaenda. Nikamvuta nahodha pembeni nikamweleza hesabu yangu yote, pointi 11 na pointi 9. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia aniambie si kosa langu, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la kukataa. Akauliza, "Kamba ulifunga fundo mara ngapi?"

Nikasema mara moja.

Akamwita fundi bomba, ambaye alifungua buti la gari lake akaja na roli ya tepu ya kijivu, ile anayofungia mabomba. Wakanionyesha pale pale chini ya taa: fundo mara mbili, ncha za kamba ziingizwe ndani, halafu tepu izungushwe kupita chini ya unyayo, mbele ya kisigino, mara tatu. Kumbe wote hufanya hivyo kila mbio ya matope, na kila mmoja alidhani mwingine ameshaniambia. Mzee wa kaptura akaongeza kwamba mashindano ya kwanza kabisa ya taifa, mwaka 1876 katika msitu wa Epping, yalibatilishwa kwa sababu wakimbiaji wote 32 walipotea njia. "Wale," akasema, "viatu vyao vilikuwa sawa."

Roli ile iko mezani kwangu kando ya kamusi. Viatu viko kibarazani, kwa amri ya mama, hadi Oktoba.