Mwanamke wa Jabali la Kolo

Fundi wa majahazi wa kisiwa cha Songo Songo anajua kuwa unga mkavu haushiki kwenye ubao. Hukoroga chokaa na shahamu, ikawa deheni, akaipaka chini ya chombo. Wachoraji wa kale wa miamba ya Kondoa, bara la Tanzania, mbali kabisa na bahari, walifuata kanuni hiyohiyo: unga wa jiwe jekundu ukitiwa, kama wataalamu wengi wanavyoamini, mafuta ya wanyama. Wekundu wenyewe ni chuma kilichokwisha kushika kutu. Rangi za majani huvunjwa na mwanga wa jua, zikapauka; kutu ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni ya hewa, jua halina la kuifanya. Ndiyo maana picha zimevuka karne.

Kwenye jabali la Mungomi wa Kolo wamo watu watano, viwiliwili vyao virefu na vyembamba mno. Wa katikati ni mwanamke. Ameshikwa mikono kulia na kushoto.

Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 na kuichapisha kitabuni mwaka 1983, aliona utekaji: wanaume wakimvuta mwanamke, wenzake wakimng'ang'ania. Tafsiri hiyo ikaganda. Mwaka 1986 mtafiti David Lewis-Williams wa Afrika Kusini aliilinganisha sanaa ya Kondoa na ya Wasani wa kusini mwa Afrika, akaikumbuka simbo, ngoma ya Wasandawe wa pande hizo za Kondoa, ambamo mchezaji hupandwa na pepo hata akaaminiwa amekuwa simba. Kwa tafsiri hiyo, anayeshikwa ni aliyepandwa, asianguke. Wasandawe hao wana pia ngoma ya phek'umo, iliyoelezwa na mtafiti Eric ten Raa: mbalamwezi inawaka, wanawake wanainua mikono mfano wa pembe, kisha wao ndio wanaochagua wanaume. Ngoma hiyo ni ya matamanio, na ni ya kuomba uzazi.

Kipimo cha maabara kitataja chuma, na mafuta kama yamo. Hakitasema kama mkono unavuta au unategemeza. Mimi naona unategemeza. Tulizoea mno kumtazama mwanamke aliyechorwa kana kwamba lazima awe windo la mtu.

Jabali hilo liliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wenyeji bado huenda kutambikia mvua na uponyaji, wakinyunyiza pombe mwambani. Sheria ya mambo ya kale inahofia rangi isiharibiwe, na ina haki. Mtafiti Emmanuel Bwasiri ameonyesha kuwa tambiko nalo ni urithi wa mahali pale. Ningependa wazee wa wenyeji hao waulizwe juu ya mwanamke huyu kabla ya kibao kingine cha maelezo kuandikwa.