Linux ikikataa kuwaka ndani ya Windows, usikimbilie kwa fundi

Ilikuwa Jumapili, saa nne usiku, katika bedsita yangu Kihunguro, Ruiru. Kesho yake asubuhi nilifaa kuwa darasani Thika nikiwa na Ubuntu inayofanya kazi ndani ya laptopu yangu, kwa sababu CAT ya somo la mitandao ingefanyiwa humo. Nikabonyeza ‘Start’. Dirisha jeusi likafunguka, likafungika, na ujumbe mrefu ukatokea: VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED.

Nikafanya kile makomredi wengi hufanya. Nilifuta kila kitu nikaanza upya, na jibu likawa lile lile. Saa saba usiku nikafuta tena. Asubuhi nilishukia stejini Thika nikaenda moja kwa moja kwa fundi, akaniitisha 1,500 “tubadilishe Windows”. Akabadilisha. Ujumbe haukuenda popote. CAT ikanipita hivyo, na pesa ya chakula ya wiki nzima ikaenda nayo.

Kumbe shida ilikuwa swichi moja tu, kazi ya dakika mbili, tena ya bure.

Ukisomea kompyuta kwenye hii barabara yetu, iwe ni Zetech pale Ruiru, JKUAT kule Juja au Mount Kenya University mjini Thika, siku moja utaambiwa uje na Linux. Wengi wetu hatuwezi kufuta Windows, maana ndiyo tunayoandikia kazi na kuchezea FIFA. Kwa hivyo tunaweka mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox inamega sehemu ya RAM na diski, inampa Linux, na Linux anaamini ana kompyuta nzima peke yake.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize: imekwama wapi? Kama imegoma kabla Linux haijaandika hata herufi moja, kosa karibu kila mara liko kwa laptopu, kwa Windows au kwa mipangilio ya VirtualBox. Kubadilisha Ubuntu hakutasaidia. Kama maandishi yalianza kuteremka ndipo yakasimama, hapo sasa muulize Linux mwenyewe.

Ule ujumbe wangu ulikuwa wa aina ya kwanza. Ili mashine pepe iende, prosesa lazima iwe na uwezo maalum ambao Intel huuita VT-x na AMD huuita AMD-V. Intel ilianza kuuweka mwaka 2005, kwa hivyo hata laptopu kuukuu huwa nao. Shida ni kwamba mashine nyingi tunazonunua ni ex-UK, zilizotumika maofisini ng’ambo, na unaweza kuukuta umezimwa. Dalili nyingine ni VirtualBox kukuonyesha Linux za biti 32 pekee, zile za 64 hazipo.

Zima laptopu, iwashe, kisha gongagonga kitufe mara tu inapowaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Utaingia kwenye BIOS. Tafuta neno ‘Virtualization’. Kwa ThinkPad huwa chini ya ‘Security’. Kwa HP na Dell hubadilika kulingana na modeli, kwa hivyo pekua. Washa, hifadhi, toka.

Lakini kuna mtego. Baadhi ya hizi ex-UK huja na nywila ya BIOS iliyowekwa na kampuni ya kwanza, na aliyekuuzia hata haijui. Ndiyo maana siku hizi nikimsindikiza mtu kununua, mambo mawili hufanyika kabla ya M-Pesa kutoka. Kwanza, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ‘Performance’, kisha ‘CPU’, tuone kama ‘Virtualization’ imewashwa. Pili, tunazima na kujaribu kuingia BIOS hapo hapo dukani. Ikiitisha nywila, tunasema asante na kwenda duka linalofuata.

Swichi ikiwa imewashwa na bado unasumbuliwa, angalia chini kulia mwa dirisha la VirtualBox. Ukiona picha ya kobe, ujue Windows imekalia uwezo huo kwanza, kupitia kitu kinachoitwa Hyper-V. Mashine itawaka polepole mno au igandie njiani. Kwenye Windows 11, chanzo mara nyingi ni ‘Memory integrity’ chini ya ‘Core isolation’. Ukiizima unapunguza ulinzi wa Windows kidogo, kwa hivyo ifanye ukijua, na uirudishe ukimaliza. Waliomtaja kobe kwenye hiyo programu walikuwa na ucheshi wao.

Halafu kuna RAM. Laptopu ya GB 4 haiwezi kumpa Ubuntu GB 4, Windows nayo italala wapi? Usivuke rangi ya kijani kwenye kile kipimo. Kama mashine ni ndogo, chukua Lubuntu au Xubuntu. Ni ndugu wa Ubuntu wenye mwili mwembamba, na amri utakazoulizwa kwenye CAT ni zile zile.

Skrini nyeusi tu? Nenda kwenye mipangilio ya ‘Display’, chagua VMSVGA, pandisha memori ya video hadi MB 128, na uondoe tiki kwenye 3D. Ukiambiwa ‘No bootable medium found’, hujaweka faili la ISO mahali pa CD. Na ukimaliza kusakinisha kisha kila ukiwasha unarudishwa mwanzo wa usakinishaji, ISO bado iko mle ndani. Itoe.

Hilo faili la ISO nalo lina hadithi yake. Ubuntu ya sasa inakaribia GB 6. Wengi huipakua usiku kwa bando, mtandao unakatika katikati, na unabaki na faili linaloonekana zima kumbe limeoza. Fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Linganisha ile namba ndefu na iliyo kwenye tovuti ya Ubuntu. Herufi moja ikitofautiana, usihangaike nalo. Na ukiamua kumwomba jirani wa hosteli akunakilie kwa flashi, hakikisha flashi haiko kwenye FAT32, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Badilisha iwe exFAT, ila hamisha vitu vyako kwanza, maana kubadilisha kunafuta kila kitu.

Kinachoniuma zaidi ni stima. Betri za ex-UK tunazijua. Stima ikipotea Linux ikiwa inaendelea, unaweza kuiwasha ukakuta imesimama kwenye neno (initramfs). Hiyo ni aina ya pili: diski imejeruhiwa. Soma juu kidogo, itakutajia sehemu yenye shida, mathalan /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2, ngoja imalize, kisha andika exit.

Au VirtualBox inakuambia mashine yako ni ‘Inaccessible’. Watu hufuta hapo, na kazi ya muhula mzima inaenda. Usifute! Nakili folda nzima kando kwanza. Ndani yake kuna faili linaloishia .vbox, lililoharibika, na pembeni jingine linaloishia .vbox-prev. La kwanza lipe jina tofauti, la pili liondolee hilo -prev, kisha ujaribu tena. Snapshot nazo zisikudanganye. Zinakaa kwenye diski ile ile. Toa nakala ya mashine nzima kama faili la .ova na uiweke kwenye flashi.

CAT niliruhusiwa kuirudia wiki mbili baadaye. Niliondoka Ruiru saa kumi na mbili asubuhi, betri imejaa, .ova iko mfukoni. Dakika ishirini ndani ya mtihani, stima ikapotea. Betri yangu ilishika dakika arobaini. Swali la mwisho nililimalizia kwenye laptopu ya jirani yangu, kwa mashine ile ile niliyoitoa kwenye flashi.