Ulimi Haujui Kusoma
Wahenga walinena kwamba chema chajiuza. Je, mvinyo mwekundu wa Ufaransa uliokomaa kwa miaka mingi hujiuza wenyewe, au huuzwa na jina lililobandikwa chupani?

Mwaka 1976 jijini Paris, majaji tisa Wafaransa walionja bila kuonyeshwa majina. Stag's Leap ya California, ya 1973, iliishinda Château Mouton-Rothschild ya 1970. Watetezi wa Ufaransa wakadai kuwa mvinyo wao ungetukuka ukishazeeka. Mwaka 2006 mvinyo ule ule ulionjwa tena, London na Napa. Nafasi tano za kwanza zikatwaliwa na California.

Sisi wanaisimu twajua kwamba jina si kitu chenyewe. Atakaye kuhukumu kwa haki, basi, na alifunike jina kwanza, ndipo aonje.