Merikebu za Mwaka 1500 katika Gitaa za Umeme

Mzazi asikiapo gitaa za umeme zikinguruma chumbani mwa vijana, mara nyingi hufunga mlango na kusema kuwa huo si muziki bali ni makelele. Muziki uitwao metali ndio hasa hushutumiwa hivyo, na pengine kwa haki. Lakini iko santuri moja ya Brazil ambayo yafaa mzazi na kijana waketi pamoja waisikilize.

Jina lake ni Holy Land, yaani "Nchi Takatifu". Ilitolewa mwaka 1996 na bendi ya Angra ya mjini São Paulo. Mwimbaji wake, Andre Matos, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa amesomea utunzi na uongozaji wa okestra. Nyimbo zote 10 zazunguka jambo moja: kufika kwa Wareno katika nchi ya Brazil mwaka 1500.

Santuri haifunguki kwa gitaa. Hufunguka kwa kwaya ya kanisani, wimbo wa kuusifu Msalaba uliotungwa na Mwitaliano Palestrina. Mtunzi huyo hakuwa amezaliwa bado merikebu zile zilipotia nanga, lakini wimbo umechaguliwa kwa akili, kwani nchi hiyo Wareno waliipa kwanza jina la Msalaba wa Kweli. Ndipo gitaa huingia kwa kishindo, kama mlango uliovunjwa.

Wimbo mrefu kuliko zote ni Carolina IV, ambao ni jina la merikebu. Unapita dakika 10. Huanza kwa ngoma na sauti za watu wanaomsalimu Yemanja, mwenye bahari katika imani za Wayoruba wa Afrika Magharibi, aliyevushwa bahari hiyo pamoja na watumwa. Baadaye ngoma humezwa na gitaa za mbio, kisha fidla na kinanda hutuliza mawimbi, na mwishowe yote husikika kwa pamoja. Anayetaka kujua kama ngoma ya wenyeji na elimu ya muziki wa Ulaya vyaweza kukaa nyumba moja bila kimoja kuwa mtumishi wa mwenziwe, na ausikilize wimbo huu mara mbili.

Msafara wenyewe wa Pedro Álvares Cabral uliondoka Lisbon mwezi Machi 1500 ukiwa na merikebu 13, nao uliiona Brazil tarehe 22 Aprili. Ulikuwa ukielekea India. Baada ya siku chache uling'oa nanga. Dhoruba ilizamisha merikebu nne, na mwezi Julai zilizosalia pamoja zilifika Kilwa, kisha Malindi. Sultani wa Kilwa hakupatana nao katika biashara. Mwaka 1505 Wareno walirudi na mizinga, wakaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Basi mabaharia wanaoimbwa na Angra ndio wale wale waliotweka tanga kuelekea pwani ya Waswahili.

Kasoro moja ipo, nayo si ndogo. Maneno ya nyimbo, ambayo mengi ni ya Kiingereza, yanamtazama zaidi baharia na ndoto zake. Mganga wa wenyeji ana wimbo wake, lakini Mwafrika husikika katika ngoma kuliko katika maneno, ilhali Brazil ilipokea mamilioni ya watumwa kutoka Afrika na haikufuta utumwa hadi mwaka 1888. Bendi nyingine ya Brazil, Sepultura, iliwaendea Waxavante kijijini kwao na kurekodi sauti zao wenyewe kwa ajili ya santuri yake Roots, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1996. Angra walibaki na kwaya na bahari.

Hata hivyo, baada ya ngurumo zote, santuri humalizika kwa upole: gitaa la kawaida na sauti moja, katika wimbo wa kubembelezea usingizi.