Mwana Aliyenyimwa Gwynedd

Tarehe 1 Machi 1244, sikukuu ya Mtakatifu David wa Wales, mfungwa mmoja wa Mnara wa London aliunganisha mashuka yake yakawa kamba, akajishusha dirishani. Alikuwa pande la mtu. Kamba ikakatika, akafa. Mtawa Matthew Paris alimchora katika kitabu chake cha historia, akiporomoka kichwa chini.

Huyo ni Gruffudd ap Llywelyn. "Ap" ya Wales ni kama "bin" yetu. Baba yake, Llywelyn ap Iorwerth, alitawala Gwynedd, kaskazini mwa Wales, na watu wakamwita Mkuu. Kanisa halikuitambua ndoa ya mama yake Gruffudd, Tangwystl, lakini sheria ya Wales haikujali hilo: mtoto aliyekubaliwa na baba alikuwa mrithi kama wenzake, na wana waligawana ardhi.

Llywelyn aliuogopa mgawanyo huo, na alikuwa na sababu. Babu yake, Owain Gwynedd, alipofariki mwaka 1170, wanawe walipigana hata mmoja akauawa vitani na nduguze. Llywelyn mwenyewe alipanda kwa kuwaangusha baba zake wadogo. Basi akaamua kila kitu kiende kwa Dafydd, mwana aliyemzaa na Joan, binti wa Mfalme John wa Uingereza. Mwaka 1222 Papa Honorius III aliuridhia uamuzi huo. Kinachoniuma ni kwamba Joan naye alizaliwa nje ya ndoa. Papa alimhalalisha mwaka 1226. Doa lilelile lilifutwa kwa mmoja, likabaki kwa mwingine.

Baba alimfunga Gruffudd miaka sita. Kisha Dafydd naye akamfunga. Senena, mke wa Gruffudd, aliahidi kumlipa Mfalme Henry III maki 600 ili mumewe afunguliwe. Mwaka 1241 Henry alimchukua kutoka kwa Dafydd, lakini hakumwachia. Alimpeleka London, awe fimbo ya kumtishia mdogo wake.

Dafydd alifariki mwaka 1246 bila mtoto. Gwynedd ikarudi kwa wana wa yule aliyenyimwa, nao wakarudia yaleyale: mwaka 1255 Llywelyn ap Gruffudd aliwashinda ndugu zake, akamfunga kaka yake Owain kwa miaka zaidi ya 20. Mwaka 1267 Henry alimtambua Llywelyn huyo kuwa Mwanamfalme wa Wales. Mwaka 1282 Llywelyn aliuawa karibu na Cilmeri, akamwacha binti mchanga, Gwenllian, ambaye Waingereza walimpeleka katika nyumba ya watawa ya Sempringham. Alikaa humo hadi kifo chake mwaka 1337.

Akabaki Owain Lawgoch, kitukuu wa Gruffudd, askari wa mfalme wa Ufaransa; alidai Wales ni yake. Mwaka 1378, akiwa ameizingira ngome ya Mortagne nchini Ufaransa, alichomwa kisu na John Lamb, mtu aliyemwamini na kumweka karibu naye. Uingereza ilimlipa Lamb pauni 20.