Modemu Zinapopatana Bei

Mlio ule wa modemu, honi kwanza, halafu mikwaruzo, halafu mvumo mrefu, wengi waliudhania kilio cha mashine. Kumbe mashine mbili zilikuwa zinapatana bei. Ya saiba pale Dallas, Embu, ilitaja mwendo ilioutaka. Ya kampuni ya mtandao ikaijibu kwamba laini hii haiwezi, teremka kidogo.

Boksi la modemu liliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde. Hicho ni kiwango cha V.90 cha mwaka 1998, na kilikuja na sharti: kampuni ya mtandao iwe imeungwa kidijitali na mitambo ya simu. Hata hapo 56 ni za kupokea tu. Kutuma hakuvuki 33.6. Sharti lisipotimia, kupokea nako hurudi 33.6.

Kisha kuna waya wenyewe. Njia ya simu ilitengenezewa sauti ya mtu, takriban hezi 300 hadi 3,400, na data yote hupenya kwenye uchochoro huo. Laini ikitulia, mengi hupita. Mvua ya Aprili inaponyesha, maji yakaingia viungio vya nyaya, inua mkono wa simu usikie: inaalika kama bisi kwenye sufuria. Modemu nayo inasikia. Inasimama, inapima laini upya, inashuka hadi 28.8, pengine 19.2. Inapopima, hakuna kinachopita, ila dakika za simu zinahesabiwa.

Picha ya kilobaiti 100 ni kilobiti 800. Kwa 28.8, ni karibu nusu dakika, kwa 19.2, zaidi ya sekunde 40. Modemu hubana maandishi yakapungua sana, lakini picha ya JPEG imeshabanwa, haibaniki tena. Ndiyo maana mimi nilizima picha kabisa, nikasoma maneno matupu.

Na hapo bado hujatoka nchini. Kabla ya mikonga ya baharini ya TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, safari ya ng'ambo ilipanda setilaiti, kilomita 36,000 juu. Ombi lipande lishuke, jibu nalo vivyo hivyo: nusu sekunde imekwisha, hata modemu iwe hodari vipi. Kabla KIXP, kituo cha kampuni za mtandao kupitishiana data humu nchini, haijaanza tena kazi Nairobi, Februari 2002, barua pepe ya kwenda kwa jirani mwenye kampuni nyingine ya mtandao ingeweza kuzunguka hadi Marekani, nanyi mmetenganishwa na ua wa michongoma.